Mgonjwa Aulizwe Uji

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi saba, jioni nane.

Nimeambiwa niandike, basi naandika. Sifuri ni kutoumwa kabisa, kumi ni maumivu ya kugaagaa chini. Kila siku niweke namba mbili, halafu niseme nilikuwa nafanya nini na nilikuwa na nani.

Miaka mitatu nimepigwa picha za mgongo mbele, nyuma na ubavuni, utadhani bibi harusi. Wiki iliyopita daktari wa mifupa aliziweka zote kwenye taa akaniambia, "Mfupa umepona." Nikamwambia labda mfupa umepona, mwenye mfupa bado. Akacheka, akaandika barua, akanituma kwa mtaalamu wa saikolojia. Maana yake niliingia hospitali na mgongo, nimetoka na kichaa.

Mtaalamu mwenyewe ni binti, ningeweza kumzaa. Nimempa jina la Daktari wa Maneno kwa kuwa hagusi, hapimi, hatoi hata kidonge. Akanionyesha kiti. "Karibu mama, keti." Mimi ni fundi makochi, nina miaka thelathini na moja katika kazi hii, na kile kiti nilikijua kabla sijakikalia. Springi mbili za mbele zimekatika kamba, sponji imekufa, na aliyekivika kitambaa alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Nikasema nitasimama. Nikasimama saa nzima.

"Nikuite nani?" akauliza.

"Niite fundi."

"Haya, fundi. Niambie ilikuwaje."

"Kochi liliniangukia ngazini."

"Ulikuwa peke yako?"

"Kochi la watu watatu halibebwi na mtu mmoja."

Mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kupiga dirisha, naye akaandika kitu kwenye karatasi yake, muda ukaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nane, nane. Mvua. Karakana. Mdogo wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Saba, nane. Mama amenifulia nguo zote nikiwa kazini, pamoja na zile nilizozificha ili nizifue mwenyewe. Mama ana miaka sabini na miwili na magoti yake yanalia kama bawaba kavu. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivi. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, huku ananisukumia mto mgongoni.

Jumanne, 11 Machi

Saba, tisa.

Nieleze mahali penyewe, maana Daktari wa Maneno anasema niandike kama namwandikia mgeni. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati na meza mbili. Meza ya dirishani ni yangu, ya ukutani ni ya mdogo wangu. Baba alituachia sote wawili, ila mimi nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu alikuja baadaye sana, alipokwisha kushindwa kila kitu kingine. Ni mtu wa miraba minne. Mtaani wanamwita Winchi kwa sababu hunyanyua kabati peke yake. Msimu wa mvua ni msimu mbaya kwetu. Sponji haikauki, gundi haishiki, bati linavuja hasa pale tunapopanga vitambaa.

Leo nilikuwa napiga misumari kwenye fremu ya kochi. Alikuwepo mteja, mama mmoja mwenye mwavuli. Winchi akaja nyuma yangu, akaichukua nyundo mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Acha dada, nitamalizia." Halafu akamgeukia mteja, akasema kwa sauti ya chini ambayo nusu ya mtaa iliisikia, "Dada yangu anaumwa."

"Jamani, pole mama," akasema mteja.

Pole, pole, pole. Pole nilizonazo naweza kufungulia duka.

Mteja alipoondoka Winchi akajikuna kichwa. "Dada, mimi naona mvua zikiisha ungepumzika tu nyumbani. Ile meza nitamtafutia mtu."

"Nipumzike nifanye nini?"

"Upumzike."

Nimepumzika wodini miezi miwili nikihesabu mabaka ya dari, nakujua kupumzika. Nilimwambia mvua zikiisha tutaona nani atatoka. Akarudi mezani kwake. Yeye huwa ananyamaza na mimi huwa nanyamaza, kwa sababu tukianza kusema hili itabidi tuseme na lile.

Jumatano, 12 Machi

Nane, saba.

Nimesimama tena. Nilimwambia Daktari wa Maneno kwamba mimi si mwongo na sina wazimu. Akasema, "Sijasema ni mawazo tu, fundi. Unaumwa kweli. Sema kinachopiga kelele sasa hivi si mfupa tena." Akanipa mfano wa mlinzi aliyewahi kuibiwa, ambaye sasa hata paka akipita anapiga filimbi.

"Basi mfukuze kazi."

"Hafukuziki. Anafundishwa upya, polepole."

Mafunzo yenyewe ni haya. Nifanye kazi dakika ishirini kwa saa ya ukutani, halafu niache dakika tano, nitembee. Niache hata kama siumwi. Nianze tena hata kama naumwa. Saa ndiyo iamue, si mgongo. Na siku nikiamka vizuri nisizidishe.

"Siku nzuri huwa unafanya kazi ya siku tatu," akasema, "halafu unalala siku tatu."

Sikumwuliza nani kamwambia. Nilichukia tu kwamba anajua.

Jumamosi, 15 Machi

Nne! Asubuhi nne, jioni tano. Jua limetoka. Nimevika makochi mawili, nimefagia karakana, nimepanga vitambaa vyote upya. Dakika ishirini akazifanye yeye na watoto wenzake.

Jumapili, 16 Machi

Tisa. Kitandani.

Jumatatu, 17 Machi

Tisa. Kitandani. Mama na mto wake.

Jumanne, 18 Machi

Tisa. Namchukia kila mtu anayeweza kufunga viatu.

Jumatano, 19 Machi

Nane, nane. Daktari wa Maneno hakusema "nilikwambia." Ningempenda zaidi kama angesema, tungegombana yakaisha. Aliniuliza kitandani nilikuwa nawaza nini. Nilimjibu kwamba nawaza nitakuwa hivi mpaka nife, kwamba mgongo utakatika siku moja nikiinama kuokota sindano, kwamba meza yangu atapewa mtu asiyejua kutofautisha katani na uzi. Akaniuliza ni mara ngapi mgongo umekatika mpaka leo. Swali la kipuuzi. Jibu ni hata mara moja. Amenishinda kwa hilo na limeniudhi njia nzima.

Jumatano, 26 Machi

Saba, sita.

Leo nilikwenda na mfuko wangu wa kazi. Sikuvumilia tena. Nikamwambia, ama nikitengeneze kile kiti ama nisije. Akashangaa, akasema sawa. Nikakipindua chini ya dirisha, nikapasua kitambaa cha chini, nikaanza kufunga springi kwa katani. Naye akakaa sakafuni akinitazama, viatu kando.

"Unafunga kwa mkono wa kushoto," akasema.

"Mimi mashoto. Fundo langu linalalia kushoto. Baba alinicharaza sana kunigeuza, akashindwa. Kila kiti nilichofunga mji huu ukikifungua utanijua."

Mikono ikiwa kazini mdomo hulegea, sijui kwa nini. Nilimweleza bila kuulizwa. Kochi lilikuwa la ghorofa ya tatu. Aliyekuwa juu ni mdogo wangu, mimi chini. Katika kazi yetu aliye chini ndiye anayebeba uzito, aliye juu ndiye anayebeba dhamana, kwa hiyo wa juu haachii hata nyuki akimuuma jichoni. Tulikuwa kwenye kona ya pili. Simu yake ikalia mfukoni. Niliisikia. Nikaona mkono wake mmoja unashuka. Halafu sikuona kitu.

"Umewahi kumwambia kwamba uliisikia simu?"

"Anajua."

"Nimeuliza kama umemwambia."

Nikavuta kamba mpaka ikanikata kidole. Miaka mitatu kila mtu akiniuliza nasema kochi liliniangukia, utadhani kochi lilikuwa na akili yake. Nilimfichia yeye. Nilipotoka wodini alinibeba mgongoni kama mtoto akilia njia nzima, nikaona nikisema nitamuua. Sasa naona niliyekuwa namuua ni mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Tisa, tisa. Najuta kufungua mdomo. Mvua haikukatika kutwa.

Jumatano, 2 Aprili

Saba, tisa.

Kile kiti ninakikalia sasa. Hilo ndilo jema pekee la leo.

Daktari wa Maneno aliomba daftari, nikamsomea namba tu, si matusi. Akaziandika pembeni, kila moja na siku yake, mvua au jua. Mimi nilikuwa na hakika ni mvua. Kila mtu anajua mvua huamsha mifupa. Akanionyesha siku tano za mvua kubwa ambazo nilipata sita na saba, na siku mbili za jua nilizopata tisa.

"Unaona nini kwenye siku za tisa?" akauliza.

"Maumivu."

"Soma ulikuwa na nani."

Nikasoma. Winchi kanichukulia nyundo. Mama kanivua viatu. Winchi kanibebea mfuko mbele ya watu. Mama kanikatia nyama vipandevipande kwenye sahani.

"Kuna mtu aliyekusaidia karibu kila siku ya tisa," akasema taratibu.

Nilisimama. Nilimwambia kwa hiyo wanaonipenda ndio wanaoniumiza, sivyo? Miaka yote hiyo ya shule amesoma ili aje kunigombanisha na mama yangu? Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikabeba mfuko, nikatoka na mvua yote ikanipata, na ngazi za hospitali nilizishuka kwa hasira mpaka chini ndipo nikakumbuka kwamba huwa sishuki ngazi.

Jumatano, 9 Aprili

Nane. Sikwenda.

Ijumaa, 11 Aprili

Saba, saba. Dakika ishirini nazifanya, lakini si kwa ajili yake. Winchi ameleta kijana kuja "kuangalia karakana." Kijana kaangalia meza yangu tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi saba. Jioni sikupima.

Mwenye duka la dawa alirudisha kiti chake cha kuegemea. Mtoto wake amekimwagia wino, anataka kitambaa kingine. Kiti nilikifunga mimi mwenyewe Novemba. Winchi alikuwa ametoka kufuata misumari. Nikakipindua, nikapasua kitambaa cha chini, nikachungulia.

Mafundo yote yalilalia kulia.

Nilidhani nimechanganya viti. Nikatazama fremu, nikaona alama yangu ya penseli. Nikakumbuka benchi la wageni tulilolimaliza Ijumaa, linalosubiri mwenyewe. Nililifunga mimi, siku mbili, dakika ishirini ishirini, meno nimeyauma. Nikalipindua. Kulia. Kiti cha mwalimu. Kulia. Nikafungua vitu vitano vilivyokuwa humo ndani, na katika vitano vyote hakuna kazi yangu hata moja. Kulikuwa na kitambaa changu juu na mdogo wangu chini.

Alipoingia alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya viti vilivyolala kifudifudi. Hakuuliza. Mfuko wa misumari ulimponyoka.

"Tangu lini?" nikasema.

"Dada..."

"Tangu lini, nimekuuliza!"

"Tangu uliporudi kazini." Akafuta uso kwa kiganja. "Ukiondoka saa kumi mimi nafungua. Ulikuwa unafunga legelege, dada. Nguvu zilikuwa hazipo. Wateja wangekurudishia. Wangekusema."

"Wanisemeee!"

"Nisingevumilia kusikia."

"Kwa hiyo miaka miwili na nusu nashona foronya? Nakuja hapa asubuhi naumia kama mbwa, nafunga, na wewe jioni unafumua? Unanicheka?"

"Sikuwa nakucheka. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma! Wewe huna huruma, wewe una woga. Unaniogopa!"

Nilichukua kisu cha kukatia kitambaa nikakata kamba zake. Zote. Springi zilirukaruka, moja ikagonga bati. Alisimama tu mikono imening'inia, jitu zima, ananitazama naharibu kazi ya wiki mbili. Na kwa kuwa hakunizuia, na kwa kuwa hata katika hilo alikuwa ananihurumia, nikasema lile lingine.

"Na simu?"

Akawa mweupe midomo.

"Niliisikia, Winchi. Siku zote nimeisikia. Nani alikuwa anapiga, hata ukaona bora uache kochi kuliko simu?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani labda amejibu sikusikia. Halafu akasema, "Mama."

Jumanne, 15 Aprili

Nilimngoja Mama amalize kuosha vyombo. Nilimwambia akae. Akakaa, mikono imelowa, na nadhani alijua kwa jinsi nilivyosema.

"Siku ile ngazini ulipiga simu."

Hakukana. Alitazama vidole vyake. "Nilipiga niwaulize mtakula nini. Akapokea. Kabla hajasema kitu nikasikia." Akajifuta mikono. "Nilikusikia ulivyolia, mwanangu. Mimi nikabaki nimeshika simu, naita, naita."

"Na ukanyamaza miaka mitatu."

"Mdogo wako alitaka kusema wodini. Nikamwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Niliogopa utatuchukia wote wawili, nibaki na nani?"

"Kwa hiyo yote hii, kufuliwa, kukatiwa nyama, mto, mto, mto, yote hii ni simu?"

"Wewe ni mwanangu. Ningefanya hata bila simu."

"Lakini simu ilikuwepo, Mama!"

Nilipiga meza, sahani moja ikaanguka. Akasema, "Hasira hasara, mwanangu." Nikamwambia hasara nimekwisha kuipata, naomba na mimi nipate hasira yangu. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa ufunguo, kwa mara ya kwanza tangu nitoke wodini. Wamenikataza ufunguo nisije nikaanguka peke yangu.

Niliusikia mto ukiwekwa chini, nje ya mlango.

Jumatano, 16 Aprili

Nane asubuhi.

Nilikwenda. Sikuomba radhi kwa yale ya siku ile, naye hakudai. Nilikaa nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, mafundo, kisu, simu, sahani. Niliposema "mto" nikaanza kulia. Nililia vibaya, kilio cha makamasi, na kilichoniudhi ni kwamba mgongo nao ulilia. Yeye hakunipa pole. Alinisogezea boksi la karatasi za kufutia, akaliacha mahali ambapo ilibidi ninyooshe mkono mwenyewe kulichukua. Nililiona hilo.

"Hasira yako inataka nini, fundi?"

"Inataka nirudishiwe."

"Nini?"

"Mgongo wangu."

"Huo siwezi kukuahidi. Unaweza kupungua kelele. Unaweza usinyamaze kabisa." Alisema hivyo hivyo, kavu, akinitazama machoni. Ni mtu wa kwanza kuniambia. "Nini kingine ambacho kinarudishika?"

Nikasikia kinywa changu kinasema, "Kazi yangu mbovu. Ikiwa nafunga legelege, iwe legelege yangu. Nisemwe mimi."

Akaandika. Safari hii nilimwuliza ameandika nini, akageuza karatasi akanionyesha. Ameandika maneno yangu, bila kuongeza lake.

Jioni saba.

Alhamisi, 17 Aprili

Saba, saba. Nimefika karakana kabla ya Winchi. Nimeandika kwa chaki ukutani juu ya dirisha: MEZA HII HAIGUSWI. Alipokuja akasoma, akaenda kwenye meza yake. Hatukusemezana kutwa. Tumeanza kuvirudishia kamba vile viti vitano, mimi vitatu vyangu, yeye viwili. Mimi nimemaliza kimoja tu.

Jumanne, 22 Aprili

Sita, saba. Hatusemezani. Nyumbani namsalimia Mama shikamoo, naishia hapo.

Jumatano, 23 Aprili

Saba, sita. Kwa Daktari wa Maneno tumefanya zoezi la kuvuta pumzi huku nimeshika kamba, nivute kamba pumzi ikitoka. Nilipovuta kwa woga fundo lilibaki legelege. Nilipovuta kwa hesabu lilikaza. Kumbe nguvu haikuwa imekwisha yote, nyingine niliifungia ndani kwa kuogopa. Nimekasirika kwamba hakuna aliyeniambia hili miaka mitatu iliyopita. Daktari wa Maneno anasema ninayo haki ya kukasirika. Nilidhani atanikatalia.

Jumatano, 30 Aprili

Saba, saba.

Mvua ya leo ilikuwa kubwa mpaka tukafunga mlango. Tulikuwa wawili tu ndani, kila mtu kwenye meza yake, kelele za bati hata redio haisikiki. Winchi akapaza sauti, amenipa mgongo, anapiga msumari uleule ambao ulikuwa umeshazama.

"Dada, niliachia!"

Nikasimamisha mikono.

"Niliachia mkono! Kochi halikuteleza! Nilijua mkono mmoja hautoshi nikaachia tu, nikadhani sekunde moja!"

Nimeyangoja maneno haya siku elfu na zaidi, na mara nyingi nimeyapangia jibu. Nilitaka kumwambia angalau moja ya yale matusi. Nilimwona mabega yanatetemeka, nikazidi kukasirika, kwa sababu hata sasa ilikuwa zamu yangu kumbembeleza yeye.

Sikumbembeleza. Sikumwambia nimekusamehe, kwa sababu sijasamehe, na sijui kama nitasamehe. Nilimwambia, "Nimesikia." Nikarudi kwenye kamba yangu. Baada ya muda naye akaacha kuupiga ule msumari.

Jumatatu, 5 Mei

Sita, sita. Nimefua nguo zangu, nusu leo, nusu kesho. Mama alikaa kizingitini ameshika tama, akijizuia kama mtu aliyefunga. Nilipokaa akanyanyuka, akafika mlangoni na mto, akasita.

"Nikuwekee?" akauliza.

Nilimwambia hapana, asante, Mama. Baadaye niliufuata mwenyewe nikauweka. Aliniona, akageuka kando ili nisimwone anacheka.

Jumamosi, 10 Mei

Nane, nane. Sijafanya kosa lolote. Nimefuata saa, nimevuta pumzi, nimetembea, na bado nane. Hakuna haki.

Jumatano, 14 Mei

Saba, sita. Mvua zinakatika. Yule kijana aliyekuja kuangalia meza alipita mlangoni akauliza kama nafasi bado ipo. Winchi akamwambia asubiri kidogo. Asubiri nini? Sikumwuliza. Nina kiti kimoja kwa siku, wakati zamani nilikuwa na vitatu, na hakuna anayejua kama hicho kimoja kinashika, maana sasa hakuna anayekipitia nyuma yangu. Vikirudi vibovu, nitakuwa nimejifukuza mwenyewe. Nilimwambia Daktari wa Maneno kwamba naogopa. Neno hilo sikuwa nimewahi kulisema ndani ya chumba kile, nilikuwa nasema nakasirika. Tutakuwa tunaonana mara moja kwa mwezi sasa.

Ijumaa, 23 Mei

Jua tangu asubuhi.

Saa nne mwalimu mkuu mstaafu, yule mwenye sauti ya gwaride, aliingia na kiti chake kichwani. Alikitua katikati ya karakana mbele ya wateja wawili. Kiti nilikimaliza wiki tatu zilizopita, mimi peke yangu, mafundo yote kushoto.

"Hii ni kazi au ni dhihaka?" akafoka. "Nimekaa juzi, upande mmoja umezama, mgeni wangu nusura apinduke! Nani kafanya uchafu huu?"

Nilimwona Winchi anaweka nyundo chini. Naijua sura ile. Ni sura ya kuja kusimama mbele yangu.

"Mimi," nikasema. "Nimekifunga mimi."

"Wewe! Si nasikia unaumwa? Kama unaumwa kaa nyumbani, mama, usiharibu vitu vya watu! Fundi gani hajui kukaza kamba?"

Nikamwambia springi ya pembeni imelegea, ni kosa langu, nitaifunga upya. Na nikamwambia pia kwamba kile kiti ni cha kukalia, si cha kusimamia kubadilisha taa, na alama za soli za viatu zimejaa kwenye kitambaa kila mtu anaziona. Akafoka zaidi. Nikafoka na mimi. Wateja wale wawili wakasogea karibu wasipitwe. Sijagombana hivyo na mteja tangu nikiwa na mgongo mzima.

Mwishowe akanipa kisogo akamgeukia mdogo wangu. "Winchi, bwana, nakuomba. Kishike wewe. Huyu dada yako asikiguse."

Winchi alinitazama, akamtazama mwalimu, akaiokota nyundo yake.

"Fundi ni yeye," akasema. "Mimi hiyo meza siigusi. Elewana naye."

Akarudi ukutani, akaendelea kupiga misumari.

Mwalimu ikambidi anigeukie, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kitakuwa tayari lini. Nikakipindua, nikachungulia ndani nione nimekosea wapi. Nikamwambia Jumanne.